SOMO KWA HALMASHAURI ZA VYAMA: CHOMBO KILICHOACHWA NA MTENGENEZAJI WAKE

Je, kifungwe katika ndege ndogo?

1. Madhumuni ya somo

Somo hili limekusudiwa wajumbe wa halmashauri, makatibu na mameneja wa vyama wanachama, pamoja na vikundi vya kujifunza. Linahusu swali moja: halmashauri ifanye nini inapopewa, kwa bei nafuu, chombo kizima ambacho kiwanda kimeacha kukitengeneza?

Mfano uliochaguliwa ni ndege ndogo, na hasa vyombo vyake vya elektroniki: redio, vipokezi vya kuongozea njia, na vitoa ishara vya ajali. Kwa jina moja vyombo hivyo huitwa avioniki. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mkulima wa Rukwa ana historia ndefu na ndege ndogo, kama itakavyoelezwa. Pili, ndege haimsamehe mtu aliyekosea hesabu. Trekta likizimika shambani, dereva hushuka akaenda kumwita fundi. Rubani hana nafasi hiyo. Makosa ambayo katika mashine ya kusaga hujificha kwa miaka, katika ndege huonekana upesi, na kwa hiyo ndege ni mwalimu mzuri.

2. Ndege na mkulima wa Rukwa

Bonde la Rukwa ni mojawapo ya mazalio yanayojulikana ya nzige wekundu. Katika Tanzania mazalio mengine ni tambarare za Iku-Katavi, bonde la Malagarasi na mbuga za Wembere. Baa la nzige hao lililoanza mwaka 1930 lilidumu hadi mwaka 1944 na kuenea katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya ikweta. Baada ya baa hilo ilifahamika kwamba ni rahisi zaidi kuwaua nzige katika mazalio yao kuliko kuwafukuza wakiwa wamekwisha kutawanyika. Mwaka 1949 ikaundwa huduma ya kimataifa kwa kazi hiyo, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, ng'ambo ya mpaka katika Zambia. Tangu mwaka 1971 jukumu hilo limekuwa la Shirika la Kimataifa la Kudhibiti Nzige Wekundu la Afrika ya Kati na Kusini, lenye makao yake Ndola.

Kazi hiyo haifanyiki bila ndege. Mbuga za bondeni hujaa maji na matope, na nyasi zake ni ndefu. Mwaka 2009 makundi makubwa ya nzige yalionekana Iku-Katavi, Rukwa na Malagarasi. Ndege zilitumika kunyunyizia karibu hekta 10,000, na sehemu ya dawa iliyotumika ilikuwa ya kibiolojia, iliyotengenezwa kwa kuvu anayeua nzige bila kudhuru viumbe wengine wengi.

Jambo moja katika maisha ya nzige wekundu lina uzito mkubwa kwa somo hili. Nzige hawa huzaa kizazi kimoja tu kwa mwaka. Wakubwa hukaa katika nyasi miezi yote ya kiangazi, na hutaga mayai mvua zinapoanza. Kwa hiyo kiangazi ndicho kipindi cha kuwatafuta na kuwaua wakubwa kabla hawajataga. Ndege iliyolala karakanani mwezi wa Septemba kwa kukosa kipuri kimoja haiwezi kufidiwa mwezi wa Januari.

3. Nchi yenyewe

Anayesimama Izia, mjini Sumbawanga, yuko katika kimo cha meta 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Akielekea upande wa mashariki, uwanda wa Ufipa hukatika kwenye milima ya Lyamba lya Mfipa, na chini yake kuna Bonde la Rukwa, ambalo ziwa lake liko katika kimo cha meta 800 hivi. Tofauti ya meta elfu moja ndiyo inayoamua chombo kipi kitafaa na kipi hakitafaa.

Redio za kawaida za ndege hutumia mawimbi yanayosafiri kwa mstari ulionyooka, kama mwanga. Mlima ukiingia kati, sauti hukatika. Ndege inayoruka chini karibu na ufuko wa Ziwa Rukwa inaweza isisikike Sumbawanga, hata kama redio zote mbili ni nzima. Ishara zinazotoka au kwenda kwenye setilaiti hazina tatizo hilo kwa kiasi kilekile, kwa kuwa setilaiti ziko angani juu ya mlima na bonde pia. Kila chombo kitakachojadiliwa hapa chini kipimwe kwa hali hii ya nchi, wala si kwa sifa zilizoandikwa katika kitabu cha muuzaji.

4. Mfano wa kufundishia

Ichukuliwe kwamba vyama kadhaa vya wakulima vina hisa katika ndege kongwe ya injini moja, aina ya Cessna 206. Ndege hiyo hukagua nzige na kwelea kwelea bondeni, hupeleka wagonjwa Mbeya, na hukodishwa siku nyingine. Vyombo vyake vimechoka. Muuzaji mmoja analeta vyombo vitatu vilivyotolewa katika ndege nyingine, vyote vikiwa vizima:

(a) redio ya mazungumzo, ambayo kampuni iliyoitengeneza imefungwa;

(b) kitoa ishara cha ajali kinachotumia masafa ya megahezi 121.5 peke yake;

(c) kipokezi cha setilaiti aina ya Garmin GNS 430.

Mfano huu ni wa kufundishia. Haumhusu mtu wala chama chochote. Katika kikao, mjumbe mmoja atasema, "Ndugu Mwenyekiti, vitu ni vizima na bei ni nusu ya nusu, tunangoja nini?" Mjumbe mwingine atajibu, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tusinunue hata kimoja." Wote wawili wamefanya kosa lilelile: wametoa jibu moja kwa vitu vitatu ambavyo havifanani.

5. Chombo hufa kwa njia ngapi?

Neno "kimeachwa na mtengenezaji" halina maana ya "kimekufa". Lina maana kwamba mlango mmoja wa msaada umefungwa. Kabla ya kuamua, halmashauri iulize ni milango mingapi mingine ingali wazi. Kwa kawaida chombo cha elektroniki hufa kwa njia tano.

Njia ya kwanza ni kuchakaa kwa sehemu zake. Vitufe hulegea, kondensa hukauka, skrini hufifia. Mara nyingi skrini ilitengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Kampuni hiyo ikiacha, hata mtengenezaji wa chombo hana la kufanya.

Njia ya pili ni kukosa mafundi na vifaa vya kupimia. Kipuri kinaweza kuwepo, lakini karakana yenye kibali na mashine ya kupima chombo hicho ikawa haipo tena.

Njia ya tatu ni kukosa taarifa mpya. Vipokezi vya kuongozea njia hubeba kadi yenye viwanja, vituo na njia za angani. Kwa utaratibu wa kimataifa taarifa hizo hutolewa upya kila baada ya siku 28. Chombo ambacho hakitolewi kadi mpya huendelea kuwaka, lakini hueleza dunia ya zamani.

Njia ya nne ni kuzimwa kwa mfumo wa nje. Zamani ndege nyingi za masafa marefu ziliongozwa na mfumo wa redio ulioitwa Omega, uliokuwa na vituo vinane duniani, kimoja kikiwa katika kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi. Tarehe 30 Septemba 1997 mfumo huo ulizimwa. Siku iliyofuata, vipokezi vyake vyote vilivyokuwa vizima vikawa mabati tu. Hakuna fundi anayeweza kuponya ugonjwa wa namna hii.

Njia ya tano ni kubadilika kwa kanuni. Katika nchi za Ulaya, kwa mfano, nafasi kati ya masafa ya redio za ndege ilipunguzwa kutoka kilohezi 25 hadi 8.33 ili masafa mengi zaidi yapatikane, na kufikia mwaka 2018 ndege ndogo za huko zilitakiwa kuwa na redio zinazoweza kufanya hivyo. Redio nyingi nzima ziliondolewa siyo kwa ubovu bali kwa kanuni.

Njia mbili za kwanza zinahusu chombo chenyewe, na huweza kucheleweshwa kwa akiba ya vipuri. Njia tatu za mwisho zinatoka nje. Chombo kilichokwisha kuuawa kutoka nje kisinunuliwe hata kwa shilingi moja.

6. Uamuzi juu ya redio

Mazungumzo ya ndege yanaendelea kutumia namna ileile ya mawimbi iliyotumika tangu miaka ya 1940. Redio ya kampuni iliyofungwa bado inasikika mnarani sawasawa na redio iliyotoka kiwandani jana. Kampuni ya Narco ya Marekani, iliyotengeneza redio za ndege ndogo kwa miongo mingi, ilifunga milango mwaka 2011; redio zake hazikunyamaza siku hiyo.

Hata hivyo halmashauri isikubali kwa kusikia sauti tu. Redio za kizazi cha kale zaidi zilikuwa na njia 360, zikipishana kwa kilohezi 50. Redio hizo hazifiki kwenye masafa yanayoangukia katikati, na baadhi yake huyumba katika masafa kiasi cha kuingilia mazungumzo ya wengine. Inayofaa kufikiriwa ni yenye njia 720 au 760. Halmashauri pia iulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania iwapo kuna badiliko la masafa linalopangwa. Majibu yakiwa mema, na karakana yenye kibali ikithibitisha kwamba inaweza kuipima na kuitengeneza, redio hii inaweza kununuliwa, hasa kama redio ya pili katika ndege. Ikizimika, ya kwanza ingalipo.

Kanuni inayopatikana hapa ni hii: chombo cha zamani kinafaa zaidi pale kinapofanya kazi ambayo haibadiliki, na pale kuharibika kwake hakusimamishi kazi.

7. Uamuzi juu ya kitoa ishara cha ajali

Kitoa ishara cha ajali ni kisanduku kidogo kinachofungwa nyuma ya ndege. Ndege ikipiga chini kwa nguvu, kisanduku huwaka chenyewe na kuita msaada. Kwa miaka mingi visanduku hivyo vilitumia masafa ya megahezi 121.5, na mfumo wa kimataifa wa setilaiti za uokoaji, uitwao Cospas-Sarsat, ulivisikiliza. Tarehe 1 Februari 2009 setilaiti hizo ziliacha kusikiliza masafa hayo. Tangu siku hiyo husikiliza megahezi 406 peke yake.

Sababu ilikuwa nzuri. Visanduku vya zamani vilipiga kelele bila kujitambulisha, na nyingi za kelele hizo hazikuwa ajali. Kisanduku cha megahezi 406 hutuma, kila baada ya sekunde 50 hivi, ujumbe mfupi wenye namba yake. Namba ikiwa imeandikishwa, waokoaji hujua mara moja ni ndege ipi, ya nani, na wamwulize nani. Masafa ya 121.5 yangali yanatumika ndani ya visanduku vipya kwa kazi nyingine: kuwaongoza waokoaji waliokwisha kufika karibu.

Sasa fikra zirudi bondeni. Ndege imeanguka katika nyasi za Rukwa, chini ya Lyamba lya Mfipa, ikiwa na rubani, muuguzi na mgonjwa. Kisanduku cha zamani kimewaka, na taa yake inamulika kama ilivyoagizwa. Setilaiti hazikisikii. Mnara wa mbali haukisikii kwa sababu ya mlima. Labda ndege nyingine itapita juu ikiwa imefungua masafa hayo, na labda haitapita. Katika karatasi ya hesabu chama kilikuwa na kitoa ishara. Bondeni hakikuwa nacho.

Hapa jibu ni moja: hapana. Tena hatari ya chombo hiki inazidi ile ya kutokuwa na chombo, kwa maana huwapa watu imani ambayo haina msingi. Mjumbe akisema, "Lakini kinawaka," aelezwe kwa upole kwamba kuwaka ni kazi ya betri. Kusikika ni kazi ya mfumo mzima.

8. Uamuzi juu ya kipokezi cha setilaiti

Chombo cha tatu ndicho kigumu, na ndicho kinachofundisha zaidi. GNS 430 ilianza kuuzwa mwaka 1998. Katika kisanduku kimoja iliunganisha redio ya mazungumzo, kipokezi cha vituo vya ardhini na kipokezi cha setilaiti chenye ramani. Ilifungwa katika ndege ndogo nyingi sana duniani. Mwaka 2011 kampuni ileile ilileta aina mpya iitwayo GTN, na GNS 430 ikaondoka katika utengenezaji.

Faida yake Rukwa ni dhahiri. Katika mbuga isiyo na barabara wala mti wa kutambulisha mahali, kipokezi cha setilaiti humwezesha rubani kurudi pale pale kundi la nzige lilipoonekana jana. Hata hivyo kuna mambo matatu ya kuchunguza.

Jambo la kwanza ni kalenda. Setilaiti za GPS huhesabu majuma kutoka sifuri hadi 1,023, kisha huanza upya. Hesabu hiyo ilirudi sifuri usiku wa kuamkia tarehe 22 Agosti 1999, na tena usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2019. Baadhi ya vipokezi vya zamani ambavyo programu zao hazikurekebishwa viliamini mwaka 2019 kwamba dunia imerudi mwaka 1999. Halmashauri iagize kwamba kipokezi chochote cha zamani kiwashwe mbele ya mashahidi, na tarehe yake isomwe. Ni mtihani wa dakika chache usiogharimu kitu.

Jambo la pili ni sifa isiyotumika hapa. Kuna aina iliyoitwa GNS 430W, iliyouzwa kwa bei ya juu zaidi kwa sababu inapokea masahihisho ya mfumo wa WAAS. Mfumo huo ulijengwa kwa ajili ya Amerika ya Kaskazini. Masahihisho yake hayahudumii Ufipa. Kulipa zaidi kwa sababu hiyo peke yake ni kama kununua mwavuli kwa ajili ya mvua ya nchi nyingine. Lakini aina ya W ina faida nyingine. Kampuni ya Avidyne ya Marekani ilitengeneza chombo cha IFD440 ambacho huingia katika kitako kilekile cha GNS 430W, yaani fremu ya chuma ambamo chombo husukumwa na kushikana na nyaya. Kwa hiyo siku GNS 430W itakapokufa, nyaya na fremu zinaweza kubaki. Kwa aina ya zamani isiyo na W, antena na baadhi ya nyaya zitahitaji kubadilishwa.

Jambo la tatu ni hesabu, na hesabu inahitaji sehemu yake yenyewe.

9. Hesabu ya mwaka mmoja

Tarakimu zifuatazo si bei za soko. Zimewekwa ili kuonyesha njia ya kuhesabu, na kila halmashauri iweke zake.

Ichukuliwe kuwa GNS 430 iliyotumika inauzwa Sh. 12,000,000, na chombo kipya Sh. 35,000,000. Kazi ya kufunga, pamoja na nyaya, antena, vipimo na nyaraka, ni Sh. 10,000,000 kwa chombo chochote kati ya hivyo viwili. Mafundi wanakadiria kwamba cha zamani kitatengenezeka kwa miaka 4, na kipya kwa miaka 15.

Hali ya kwanza: ndege haina kipokezi, na inatarajiwa kufanya kazi miaka mingi. Cha zamani kitagharimu jumla ya Sh. 22,000,000 kwa miaka 4, yaani Sh. 5,500,000 kwa mwaka. Kipya kitagharimu Sh. 45,000,000 kwa miaka 15, yaani Sh. 3,000,000 kwa mwaka. Chombo kilichoonekana nafuu ndicho ghali, tena kwa karibu mara mbili. Kinachokifanya ghali ni kazi ya mafundi, ambayo haiuziki tena. Nyaya zilizopitishwa ukutani mwa ndege haziondolewi zikapelekwa sokoni.

Hali ya pili: ndege itaachwa baada ya miaka 4. Cha zamani bado ni Sh. 5,500,000 kwa mwaka. Kipya sasa ni Sh. 11,250,000 kwa mwaka, isipokuwa kama kitauzwa baadaye. Hapa cha zamani kina hoja ya haki.

Hali ya tatu: ndege tayari ina GNS 430 iliyofungwa, nayo imeharibika. Kununua nyingine na kuisukuma katika fremu ileile ni Sh. 12,000,000 kwa miaka 4, yaani Sh. 3,000,000 kwa mwaka. Ni sawa na kipya. Hapa shilingi hazitoi jibu, na muda ndio unaoamua. Kubadilisha kisanduku ni kazi fupi, bali kufunga mfumo mpya huweza kuilaza ndege karakanani kwa majuma. Ikiwa ni kiangazi na nzige wako bondeni, cha zamani kinunuliwe. Ikiwa mvua zimekwisha kunyesha na ndege haina kazi nyingi, kipya kinaweza kufungwa bila hasara.

Kutokana na hali hizi tatu hupatikana tofauti ambayo kila mjumbe aishike vizuri. Kulinda kilichopo ni jambo moja, na kuanza upya na kilichoachwa ni jambo jingine. Anayelinda kilichopo anatumia gharama iliyokwisha kulipwa. Anayeanza upya na kilichoachwa anajenga nyumba mpya juu ya kiwanja ambacho hati yake inakaribia kwisha.

10. Nyaraka

Kisanduku kizima kisicho na karatasi si kipuri cha ndege. Kila chombo kinachoingia katika ndege lazima kiwe na cheti cha karakana iliyokikagua na kuthibitisha kwamba kinafaa kurudishwa kazini. Lazima kuwe na kibali cha kiufundi cha kukifunga katika aina ile ya ndege. Na kazi yenyewe ifanywe na karakana iliyoidhinishwa, kisha iandikwe katika daftari la ndege. Muuzaji akisema vyeti vitafuata, fedha nazo zifuate.

Chama nacho kina karatasi zake. Muhtasari wa kikao uonyeshe mambo manne: kazi itakayofanywa na chombo, sababu ya kuchagua cha zamani au kipya, jina la karakana iliyokubali kukihudumia, na mwaka ambao chombo kitaachwa hata kama kingali kinawaka. Jambo la nne ndilo husahauliwa. Bila tarehe ya mwisho, chombo cha muda hugeuka kuwa cha kudumu, na akiba ya kukibadilisha haiwekwi. Kwa mfano wa hapo juu, chama kinachonunua cha zamani kwa miaka 4 kianze mwaka uleule kuweka kando fedha za kipya. Mali bila daftari hupotea bila habari.

11. Kutoka angani hadi ghalani

Vyama vingi havitamiliki ndege. Lakini swali hili litagonga mlango wa kila chama. Litakuja likiwa trekta, mashine ya kusaga, mizani ya kielektroniki, au kompyuta ya mhasibu.

Katika miaka ya 1980 trekta aina ya Valmet kutoka Finland ziliunganishwa Kibaha. Kazi hiyo ilikoma zamani, na jina la Valmet limeondoka katika trekta mpya za ukoo huo, ambazo leo huitwa Valtra. Mwenye Valmet nzima iliyopo shambani anaweza kuilinda, akiwa na fundi na akiba ya vipuri. Chama kinachotaka kuanza upya kwa kununua trekta la aina iliyoachwa, kikajenga banda, kikafundisha dereva na kununua majembe yake, kinapaswa kwanza kupiga hesabu ya sehemu ya tisa.

Mizani ya kielektroniki inafanana na kipokezi cha setilaiti: si kupima tu, bali pia kuhakikiwa na wakala wa vipimo na kupata sehemu za kubadilisha. Mizani isiyoweza kurekebishwa tena, hata kama inawaka, inafanana na kile kitoa ishara cha ajali. Mkulima anayemwaga magunia yake ya mahindi juu yake anaamini kwamba anasikika, kumbe hasikiki. Kwa hiyo halmashauri inapoletewa chombo, isianze kwa kuuliza bei. Ianze kwa kuuliza ni nani atakayeumia siku kitakapokosea, na iwapo mtu huyo amekubali hatari hiyo kwa kujua.

12. Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Kwa nini redio ya kampuni iliyofungwa inaweza kukubaliwa, na kitoa ishara cha ajali kilicho kizima kikataliwe?

2. Taja njia tano za kufa kwa chombo. Kwa kila njia, tafuta mfano mmoja katika mali ya chama chenu.

3. Chukueni chombo kimoja cha chama. Andikeni bei yake, gharama ya kukifunga, na miaka inayokadiriwa kubaki. Je, kinagharimu kiasi gani kwa mwaka?

4. Ni miezi ipi ambayo chama chenu hakiwezi kabisa kukosa mashine yake kuu? Je, matengenezo yake hupangwa kwa kuzingatia miezi hiyo?

5. Someni muhtasari wa kikao kilichoamua ununuzi mkubwa wa mwisho. Je, unaonyesha mwaka wa kukiacha chombo hicho? Kama hauonyeshi, kikao kijacho kiamue.